Mgawanyo wa Mapato kati ya Serikali Kuu na Halmashauri katika Masasi na Newala: Kutoka Kodi ya Nyumba hadi Ushuru wa Nyumba za Kulala Wageni, 1898–2018

Utangulizi

Kila mwaka, kuanzia mwezi Oktoba, nyumba za kulala wageni za mji wa Masasi hujaa. Wageni hao si watalii. Ni wanunuzi wa korosho, madereva wa malori na matingo wao, wasimamizi wa maghala, watumishi wa benki na maofisa wa vyama vya ushirika wanaofuata minada. Ifikapo Februari wengi wao wameondoka, na vyumba hubaki kwa wasafiri wa kawaida wa njia ya Mtwara, Lindi na Tunduru. Katika kila shilingi anayolipa mgeni kwa ajili ya kitanda chake imo sehemu ambayo si ya mwenye nyumba. Sehemu hiyo ni ya Serikali. Lakini ni serikali ipi, ile iliyoko Masasi au ile yenye Hazina makao makuu ya nchi, ni jambo ambalo jibu lake limebadilika mara kadhaa.

Insha hii inalichunguza jambo hilo kwa kulirudisha katika historia ndefu zaidi ya mgawanyo wa mapato katika wilaya za Masasi na Newala. Hoja inayojengwa ni kwamba, tangu kodi ya kwanza ya fedha ilipotozwa kusini mwa Tanganyika, fungu la mamlaka za mitaa halijawahi kuwa haki iliyowekewa msingi usioondosheka. Limekuwa fungu la kupewa, lililoandikwa katika sheria ambayo mtoaji aliweza kuibadilisha wakati wowote. Ushuru wa nyumba za kulala wageni, ambao watafiti wengi huupita haraka kwa sababu ya udogo wake, unaonesha tabia hiyo kwa uwazi kuliko vyanzo vikubwa.

Mahali na watu

Ni muhimu kuanza kwa kutofautisha miji miwili ambayo mara nyingi hutajwa pamoja. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, ukingoni kabisa, mahali ambapo ardhi huporomoka kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Masasi iko chini ya uwanda huo, upande wa magharibi, miongoni mwa vilima vya mawe. Newala ina udongo unaoupenda mkorosho lakini haina maji ya juu. Kwa vizazi vingi wanawake wa uwandani waliteremka mabondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Masasi ina njia panda. Misafara ilipita hapo, wamisionari wa Universities' Mission to Central Africa walijenga hapo makazi ya watumwa waliokombolewa mwaka 1876, wapiganaji wa Majimaji waliichoma misheni hiyo mwaka 1905, na katika miaka ya 1950 ilifikiwa na tawi la reli ya kusini iliyozaliwa na mpango wa karanga, kabla reli hiyo haijang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Daraja la Umoja lilipofunguliwa juu ya Ruvuma mwaka 2010, njia ya Msumbiji nayo ikapata kupitia upande huo.

Tofauti hii ina maana ya kifedha. Utajiri wa Newala uko shambani na hutozwa kwa kilo. Masasi ina mashamba pia, lakini sehemu ya utajiri wake ni watu wanaopita, nao hutozwa kwa usiku.

Kodi ya nyumba na hazina za kwanza

Utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kijijini. Wakati huo Masasi na Newala zilikuwa sehemu ya wilaya kubwa ya Lindi. Mwaka 1901 serikali ya koloni iliunda jumuiya za wilaya, zenye bajeti zao na mabaraza yao madogo, na kuziachia sehemu ya kodi ya nyumba iliyokusanywa katika eneo lao kwa ajili ya barabara, masoko na shule. Huo ndio mgawanyo wa kwanza wa mapato unaoweza kuandikiwa historia katika nchi hii. Haukudumu. Mwaka 1909 jumuiya hizo zilivunjwa, isipokuwa za miji ya Dar es Salaam na Tanga, na fedha zake zikaingizwa katika bajeti ya koloni. Katika muda usiofika miaka kumi, fungu la wilaya lilikuwa limetolewa na kuondolewa, na mlipakodi wa Masasi aliendelea kulipa rupia zake bila kuona tofauti yoyote katika mkono uliozipokea, kwa kuwa akida alikuwa yuleyule.

Waingereza waliurudisha mgawanyo huo kwa jina jingine. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, iliruhusu kuwepo hazina za wenyeji ambazo zilirudishiwa sehemu ya kodi ya nyumba na ya kichwa. Penye watawala wa jadi wenye himaya pana, kama Usukuma au Uhaya, mpango huu ulipata mwili wa kuuvaa. Uwanda wa Makonde haukuwa na mwili huo. J. Gus Liebenow, aliyefanya utafiti Newala katika miaka ya 1950, ameeleza kwa kirefu jinsi maofisa walivyotafuta machifu kwa watu ambao hawakuwa nao. Mamlaka ya Wamakonde yalikuwa ya mkulungwa juu ya eneo lake dogo na ukoo wake. Kumpa kila mkulungwa hazina kungekuwa kuigawa kodi vipande visivyoweza kujenga hata daraja la miti. Hatimaye serikali ikarudi kwa maliwali, yaani watu wa kuteuliwa, wengine wakitazamwa na wenyeji kama wageni.

Hapa kuna jambo ambalo mijadala ya leo huelekea kulisahau. Kugawana mapato kati ya ngazi mbili za serikali hudhani kwamba ngazi ya chini ipo na inatambuliwa na watu wake. Newala ya miaka ya 1930 fungu la kodi lilikuwapo kabla ya mwenye kustahili kulipokea hajapatikana. Hazina ya wenyeji ilikuwa sanduku la fedha lililomtangulia mwenyewe, na sehemu kubwa ya kilichoingia humo ilitoka tena kama mishahara ya maliwali, makarani wa mabaraza na matarishi. Mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, uliopandisha maji kutoka mabondeni hadi uwandani kwa pampu, ulikuwa wa kwanza kuwafanya walipaji waone kitu walichokilipia, nao ulilazimika kuwauzia maji, kwa kuwa kodi peke yake isingeutosha.

Kuondolewa na kurudishwa, 1969–1984

Baada ya Uhuru halmashauri za wilaya zilirithi vyanzo viwili vya maana: kodi ya mtaa iliyotozwa kwa kila mtu mzima, na ushuru wa mazao. Mwaka 1969 Serikali Kuu ilivifuta vyote viwili katika halmashauri za vijijini na kuahidi kuziba pengo kwa ruzuku. Miaka mitatu baadaye, Julai 1972, halmashauri hizo zenyewe zikavunjwa chini ya mpango uliojulikana kama Madaraka Mikoani. Jina lilieleza kinyume cha kilichotendeka: maofisa walihamishiwa mikoani, madaraka ya kutoza na kupanga matumizi yakabaki juu.

Kilichofuata uwandani kinafahamika. Mavuno ya korosho nchini, yaliyofikia kiasi cha tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, yalishuka hadi tani 17,000 hivi katikati ya miaka ya 1980. Sababu zake ni nyingi, na kuhamishiwa watu katika vijiji vilivyokuwa mbali na mikorosho yao ni mojawapo. Bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga vimetajwa pia. Kwa insha hii kinachohusika ni mpangilio wa nyakati. Bunge lilipitisha sheria za kurudisha serikali za mitaa mwaka 1982, ikiwemo Sheria Na. 9 ya Fedha za Serikali za Mitaa, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984. Halmashauri za Masasi na Newala zilirudishiwa haki ya kutoza ushuru wa mazao wakati ambapo zao lenyewe lilikuwa karibu na kiwango chake cha chini kuliko vyote. Ziliegemea kodi ya maendeleo, iliyotozwa kwa kichwa, na katika wilaya maskini kodi ya namna hiyo haikusanywi bila mgambo.

Haki inadai kusema kwamba kufutwa kwa kodi ya maendeleo mwaka 2003, pamoja na kundi la ushuru mdogomdogo ulioitwa kero, kulipokewa vijijini kwa furaha ya kweli. Mwananchi aliyekuwa akijificha porini asikamatwe kwa kukosa stakabadhi hakuwa na sababu ya kuililia bajeti ya halmashauri. Hoja ya Serikali Kuu haikuwa ya uongo. Hata hivyo njia iliyotumika ilikuwa ileile ya 1969: chanzo cha halmashauri kilifutwa kwa uamuzi wa juu na mahali pake ikawekwa ruzuku ya fidia ambayo kiasi chake na siku ya kufika kwake viliamuliwa na Hazina.

Kitanda cha mgeni

Ushuru wa hoteli ulikuwa hapo awali kodi ya Serikali Kuu. Kodi ya Ongezeko la Thamani ilipoanza kutozwa Julai 1998, ilichukua nafasi ya kodi ya mauzo na, kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, ushuru wa hoteli pia. Nyumba za kulala wageni ambazo mauzo yake hayakufikia kiwango cha kusajiliwa ziliachwa nje ya kodi hiyo mpya, na ushuru wake ukawa chanzo cha mapato ya ndani ya halmashauri, kwa asilimia 20 ya malipo ya chumba, kiwango kilichopunguzwa baadaye hadi asilimia 10.

Kwa mpangilio huo, mpaka kati ya hazina mbili hauko katika ramani wala katika aina ya huduma. Uko katika ukubwa wa biashara. Gesti ya vyumba vinane karibu na stendi ya Masasi hulipa halmashauri. Mwenye gesti hiyo akijenga ghorofa, akaweka viyoyozi na kupata wageni wa kampuni, siku mauzo yake yatakapovuka kiwango cha kusajiliwa kodi ya chumba itahama kutoka ofisi ya halmashauri kwenda Mamlaka ya Mapato Tanzania. Barabara iliyo mbele ya hoteli hiyo, taka zake na maji machafu yake hubaki kuwa jukumu la halmashauri. Mji ukifanikiwa kuvutia hoteli nzuri, unapoteza mlipaji; ukibaki na gesti za hali ya chini, unabaki na mapato.

Zaidi ya hapo, mpaka wenyewe husogezwa. Kiwango cha kusajiliwa kilianza kwa mauzo ya shilingi milioni 20 kwa mwaka, kikapandishwa hadi milioni 40 mwaka 2004, na kikawa milioni 100 chini ya sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 2015. Kila kilipopanda, baadhi ya nyumba za wageni zilirudi upande wa halmashauri. Hakuna baraza la madiwani lililoombwa maoni, wala nia ya mabadiliko hayo haikuwa kuzisaidia halmashauri. Lengo lilikuwa kuipunguzia mamlaka ya mapato mzigo wa walipaji wadogo. Kwa maneno mengine, hata halmashauri ilipoongezewa, iliongezewa kwa bahati, kama mtu anayeokota kilichodondoka mezani.

Ukusanyaji wa ushuru huu una taabu zake. Hutegemea kitabu cha wageni, ambacho huandikwa na mhudumu wa mapokezi na hukaguliwa na mtu aliyetumwa na halmashauri, pengine wakala aliyepewa zabuni, na katika miaka ya karibuni aliyebeba mashine ya kielektroniki. Mgeni asiyeandikwa hana ushuru. Kwa kuwa bei ya gesti hutangazwa pamoja na ushuru ndani yake, mgeni hajui kwamba amelipa kodi, na mwenye gesti huiona kama fedha yake inayonyofolewa. Tofauti na ushuru wa mazao, ambao chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/08 huhesabiwa kwa urahisi mnadani kutokana na kilo zilizouzwa, ushuru wa kitanda hufuatwa mlango kwa mlango mwaka mzima. Ndiyo sababu unabaki kwa halmashauri: hakuna mwingine aliyeona faida ya kuutafuta.

Zanzibar hutoa ulinganisho wenye manufaa. Huko hoteli ni uti wa mgongo wa uchumi, na ushuru wake, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 1995, umekuwa ukikusanywa na chombo cha mapato cha Serikali ya Mapinduzi, si na mabaraza ya miji na wilaya za pwani zilizobeba hoteli hizo. Pale kitanda kilipokuwa na thamani kubwa, serikali ya juu ilikichukua. Masasi, thamani yake ikiwa ndogo, kiliachwa.

Asilimia 65

Jambo hilohilo lilijitokeza kwa ukubwa zaidi katika korosho. Sheria ya Korosho ya mwaka 2009, kama ilivyorekebishwa mwaka uliofuata, iliweka ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje ya nchi wa asilimia 15 ya thamani au dola 160 kwa tani, kutegemea kipi ni kikubwa. Mapato yake yaligawanywa: asilimia 65 kwa maendeleo ya tasnia ya korosho, asilimia 35 kwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Fungu la kwanza halikwenda moja kwa moja kwa halmashauri. Lilirudi kusini kwa njia ya pembejeo, hasa salfa ya kupulizia mikorosho, miche mipya na utafiti wa kituo cha Naliendele. Lakini kila salfa ilipofika kwa wakati kilo ziliongezeka, na kilo zilipoongezeka ushuru wa mazao wa halmashauri uliongezeka.

Mpango huo haukuwa na kelele nyingi ulipokuwa mdogo. Msimu wa 2017/18 uzalishaji ulivuka tani 313,000, kiwango kisichowahi kufikiwa, na bei mnadani zilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Mwezi Juni 2018 Serikali ilipeleka bungeni marekebisho ya kuondoa mgawanyo wa 65 kwa 35 na kuingiza mapato yote katika Mfuko Mkuu. Wabunge wa mikoa ya kusini, wa chama tawala na wa upinzani, walisimama pamoja kuyapinga, jambo lisilo la kawaida katika Bunge hilo. Walidai pia malimbikizo ya fungu la asilimia 65 ambayo walisema hayakuwa yamepelekwa kabla sheria haijabadilishwa. Marekebisho yalipita.

Ni rahisi kuisoma hoja ya Serikali kama kisingizio, lakini ilikuwa na msingi wa kinadharia. Mapato ya forodha ni ya taifa. Kuyatenga kwa zao moja ni kuifunga mikono bajeti. Na kuna wilaya nyingi zisizo na korosho wala dhahabu ambazo watoto wake wanahitaji madawati vilevile. Udhaifu wa hoja hiyo uko kwingine. Katiba ya mwaka 1977, katika ibara za 145 na 146, inazitambua serikali za mitaa na kutaja wajibu wake, lakini haitaji fungu lake la mapato. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na hivyo mabishano ya Nairobi huhusu kiasi tu. Dodoma, kwa kukosa ibara ya namna hiyo, wabunge wa kusini walitetea asilimia iliyowekwa na sheria ya kawaida mbele ya Bunge lenye uwezo kamili wa kuifuta. Walikuwa na malalamiko yenye nguvu na haki dhaifu.

Mwaka huohuo wa fedha Bunge liliweka ndani ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa sharti la kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Na mwaka mmoja nyuma ushuru wa mazao ya biashara ulikuwa umepunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Wajibu uliongezwa upande mmoja wakati vyanzo vikipunguzwa upande wa pili, na kikundi cha wanawake cha Newala kinachosubiri mkopo kilifungwa, bila kujua, na bei ya mnada.

Msimu wa 2018/19

Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za minada ya mwanzo, Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi la Wananchi likapewa kazi ya kuzisomba. Kwa mkulima aliyelipwa kwa wakati, bei hiyo ilikuwa nafuu. Kwa halmashauri, msimu huo uliweka wazi utegemezi wote ulioelezwa hapo juu kwa mara moja. Ushuru wa mazao kwa sheria hulipwa na mnunuzi, na mnunuzi sasa alikuwa Serikali yenyewe. Deni la asilimia 3 likawa jambo la barua kati ya ofisi mbili za dola moja, moja ikiwa na uwezo wa kumshitaki mnunuzi binafsi lakini si wa kumshitaki mkubwa wake. Ushuru wa kusafirisha nje ulikuwa tayari umekwenda wote Mfuko Mkuu. Na kwa kuwa wanunuzi binafsi waliondolewa sokoni, waliokuwa wakifika Masasi na madereva wao na wapima ubora wao na kukaa wiki kadhaa hawakuwa na sababu ya kuja. Malori yaliyopita yalikuwa ya jeshi, na askari hawalali gesti.